Minara Tisa na Wimbo wa Mtu Mmoja

Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mtu aliimba. Mshonaji aliijua sauti kabla hajajua inatoka wapi: ilikuwa yake mwenyewe.

Aliganda, tepu ya kupimia shingoni. Wimbo ule aliuimba mara moja tu, jikoni kwake, kichwa wazi, khanga begani, akaurekodi na kuutuma kwa mtu mmoja: mchumba wake, fundi wa mitandao, ambaye rafiki zake humwita Waya.

"Dada, hiyo video umeipata wapi?"

"Mbona mji mzima unayo!" Mteja alichomoza kichwa, gauni la zambarau likiwa nusu mwilini. "Inafunguka papo hapo, haikwami. He! Mbona kama wewe?"

"Nyoosha mkono nikupime."

Mteja alipoondoka tu, mshonaji alimpigia Waya simu.

"Malkia wangu..."

"Umalkia weka pembeni. Wimbo wangu umefikaje kwa watu?"

Waya alikohoa. "Ni jaribio la kazini. Kila mnara wa simu una kisanduku. Video inayotazamwa sana kinaihifadhi hapohapo, isivutwe kutoka mbali kila mara. Nilitaka kitu kipya, nione minara itagundua vipi kuwa kinatazamwa sana. Niliwapa wenzangu kumi tu, wakasambaza."

"Na mimi uliniuliza?"

"Nilijua ungekataa."

Sindano zilizochomekwa kwenye kimto cha kushonea zilimchezea machoni. "Ifute."

"Kesho nawaonyesha wakubwa jaribio, mpenzi. Nikiifuta sasa, miezi minane ya kazi imekwenda na maji. Nipe siku moja."

Mshonaji alikata simu. Video ingemuuma wiki, ikapoa. Ile "siku moja" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alasiri Waya alisimama mlangoni, shati limemlowa, kitambulisho cha kazi kimepinda kifuani.

"Nimefuta. Minara yote tisa."

"Na wakubwa?"

"Nitawaendea mikono mitupu."

"Na zilizo kwenye simu za watu?"

Aliinamisha kichwa. "Hizo siziwezi. Nitukane basi, mama, usininyamazie."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani. Alimtazama machoni, bila chozi.

"Sikutukani. Nakuahidi: nitaimba tena, jukwaani, kwa gauni nililoshona mwenyewe. Nawe utakata tiketi, ukae na wenzako, usikie wanachosikia wao. Wimbo wa kwako peke yako sitauimba tena."