Shimo la Ming'oko

Rafiki yangu Erasto ana hasira za karibu. Huzunguka nchi peke yake na tela lake la kulala, yeye na mbwa wake Jimi. Kutoka Masasi alipanda hadi Mnyambe, Newala, na huko mwenyeji wake, Mama Stamili, akamwonjesha ming'oko, viazi vyembamba vya porini vilivyochemshwa kwa chumvi. Akanogewa, akataka zaidi.

"Imeisha, baba. Kachimbe kule kichakani, ila shimo ulifukie."

Alichimba mpaka viganja vikachubuka, akaambulia kimzizi kama kidole. Akarudi amefura.

"Umefukia?" mama akamuuliza.

"Kafukie mwenyewe!"

Mama akageuka, akaingia ndani.

Giza lilipoingia, Erasto alimfunga Jimi mnyororo kwenye gurudumu, akajilaza ndani ya tela. Punde akasikia mchanga ukikwanguliwa chini yake.

"Jimi! Acha kuchimba, mjinga we!"

Mkwaruzo ukakoma. Vikafuata vishindo vya viganja vikishindilia udongo, taratibu: pa, pa, pa.

Akatoka na tochi huku akitukana. Chini ya tela hapakuwa na shimo, wala mbwa. Mnyororo ulitoka gurudumuni ukazama ardhini, na ulikuwa bado unavutwa.