Hodi ya Nyamizi

Huyu hapa Nyamizi. Ana ndala nyekundu, na miguu isiyojua kutulia.

Pa, pa, pa! Anakimbilia nyumba ya jirani. Mama Masele amejifungua mtoto. Nyamizi anatamani kumpakata. Anatamani sana, sana!

Mlangoni kuna pazia la maua.

"Hodi!"
Pa! Yuko ndani tayari.

Mtoto anashtuka. "Nga! Nga! Nga!"

"Jamani, Nyamizi!" anasema Mama Masele. "Ndiyo kwanza alikuwa analala. Utampakata kesho, mwanangu."

Kesho inafika. Pa, pa, pa! Nyamizi anapeleka uji wa Mama Masele.

"Hodi!"
Pa! Yuko ndani tayari.

Mama Masele anavuta kanga haraka haraka. Mtoto anaachia ziwa. "Nga! Nga! Nga!"

"Kesho, mwanangu. Kesho."

Nyamizi anarudi nyumbani akilia.

"Bibi, mimi nilipiga hodi!"

"Ulipiga, mjukuu wangu," anasema Bibi. "Lakini hukungoja. Baada ya hodi kuna kimya kidogo."

"Kimya cha nini?"

"Cha mtu wa ndani. Anajifunga kanga yake. Anamlaza mtoto wake. Halafu ndiyo anasema karibu."

Nyamizi anafuta kamasi. "Nani alikianzisha?"

"Mimi nilikikuta. Na bibi yangu alikikuta." Bibi anacheka. "Labda ni mama mmoja wa zamani, aliyekuwa anabembeleza mtoto."

Asubuhi, pa, pa, pa! Mlangoni, ndala nyekundu zinasimama.

"Hodi."

Kimya.

Pazia linacheza. Kidole gumba cha mguu kinataka kuingia.

"Wewe, ngoja!" Nyamizi anakinong'oneza.

Kimya.

Ndani, kanga inafungwa. Kitanda kinalia kwii.

"Karibu, Nyamizi!"

"Shikamoo, Mama Masele."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa mkekani. Haya, nyoosha mikono."

Mtoto Masele ni mzito kidogo. Ana joto kama andazi. Anapiga mwayo, aaa, halafu analala.

Nyamizi hatikisiki. Hata miguu yake imetulia! Anampenda mtoto huyu, basi tu.

Jioni, Nyamizi yuko kitandani. Nje ya pazia la chumba chake kuna mtu.

"Hodi, mjukuu wangu."

Kimya.

Kimya hiki ni changu, anawaza Nyamizi. Anamlaza mwanasesere wake. Anajifunika shuka mpaka kidevuni. Bibi anangoja tu, taratibu.

"Karibu, Bibi."