Swali la Kobe

Enzi zile hata duka la fotokopi lilikuwa na raha yake. Shule ndiyo zimefunguliwa, watu wamebanana mbele ya mashine, na mwalimu mmoja wa fasihi, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akabeba karatasi zisizo zake.

"Kaka, hayo maswali ni yangu," akasema mwanamke wa gauni la kijani na miwani mikubwa.

Kumbe naye alifundisha fasihi, shule ya jirani, na riwaya ilikuwa ile ile: fundi cherehani anasafiri mbali na kumwacha mpenzi wake.

"Wangu nikiwauliza kitu darasani, wanatazama viatu," mwanamume akalalamika.

"Wangu pia. Lakini wape simu uone!"

Basi wakafungua ukurasa wa mjadala mtandaoni kwa madarasa yao yote mawili. Kila mwanafunzi alijipa jina la utani, ili mwenye haya naye aseme. Wakasema, jamani! Mabubu wa darasani wakawa mawakili wa fundi cherehani. Jioni walimu wakawa wanapigiana simu.

"Umeona alichoandika Pilipili? Ni yule binti wa dawati la nyuma, namjua kwa sentensi moja tu," mwanamke akasema.

"Nimeona. Umekula lakini?"

"Bado. Nakusikiliza wewe kwanza, mpenzi."

Kisha mwanamume akahamishiwa shule ya mbali. Alitaka kumwomba amsubiri, ulimi ukawa mzito. Bwana mzima akajiingiza kwenye mjadala kwa jina la Kobe, akaandika: "Fundi angemwomba bibie amsubiri, angekubali?" Aliamini atatambuliwa mara moja.

Hakutambuliwa. Mwanamke alidhani ni mwanafunzi, akamjibu huku akisahihisha madaftari: "Asingekubali. Asiyeweza kusema mwenyewe hasubiriwi."

Mwanamume akafunga mizigo. Mwanamke akampigia simu, ikaita na kuita, haikupokelewa.

Miaka ikapita. Siku moja, shule zinafunguliwa tena, wakakutana kwenye foleni ya duka lile lile, mwanamume mvi zimemjaa, miwani ya mwanamke imekuwa minene zaidi.

"Uliondoka bila hata kwaheri," mwanamke akasema. Bado ilimuuma.

"Nilikuuliza, ukanikataa. Mbele ya madarasa mawili."

"Lini?"

"Fundi angemwomba bibie amsubiri..."

"Kobe alikuwa wewe?" Akacheka mpaka miwani ikamshuka, halafu machozi yakamtoka. "Mimi nilimjibu mtoto wa shule! Haya, uliza tena. Kwa mdomo wako."

Mwanamume akakohoa. Akauliza kwa sauti ya darasani, iliyofika mpaka mwisho wa foleni: "Utakubali kuwa mke wangu?"

Hata muuza duka akaacha kutoa kopi.

"Nakubali," mwanamke akasema, akimshika mkono. "Miaka yote hii nilikusubiri, na wala hukuniomba."