Nilicheka Niliposikia Friji Linapumua

Nilimwona kwa macho yangu mawili...

Mkwe wangu Zulfa, nyundo mkononi, anavunja kioo cha gari! Na ndani ya gari lile walikuwa wamelala mwanangu Aidan na mjukuu wangu Noela!

Paa! Kioo kikamwagika.

"Zulfa! Umerukwa na akili? Mumeo yumo humo!"

"Najua, Mama! Niache!"

Sikumwacha. Nilimrukia, nikaung'ang'ania mkono wenye nyundo kwa nguvu zangu zote za miaka sitini na nane.

Jirani yangu Aurelia, ambaye hata sufuria ikifunikwa kwangu yeye anasikia, alikuwa ameshafika uani anapiga yowe.

"Anaua jamani! Si nilikwambia, Mama Aidan? Huyu uliyeletewa kutoka Nakapanya humjui!"

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Aidan na mkewe wanafunga sola vijijini, Tunduru yote mpaka Mbesa. Ili wasihangaike na pa kulala, walinunua basi dogo kuukuu, wakang'oa viti, wakaligeuza nyumba. Zulfa useremala kausomea. Alitengeneza kitanda, makabati, jiko la gesi, na friji likachomekwa ndani ya kabati kama dirisha ukutani.

Julai wakaja kwangu Maposeni. Watu wa Songea mnaijua Julai yetu. Ukungu mpaka saa nne, baridi inang'ata masikio. Na Noela, miaka minne tu, anakohoa.

Asubuhi ile niliingia garini nikakaa karibu na friji. Mamaa! Upepo unatoka kandokando yake kama kuna mtu anapuliza.

"Zulfa mwanangu, mtoto atapona kweli na upepo huu?"

"Hata mimi naumia, Mama. Kuna upenyo kati ya friji na kabati. Naenda mjini kuchukua silikoni na mkanda wa foili, nikirudi naziba kwa ndani."

"Si uzibe tu yale matundu ya nje? Upepo si unaingilia pale?"

Maana ubavuni mwa gari, usawa wa friji, kulikuwa na vidirisha viwili vya matundu matundu, kimoja juu, kimoja chini.

Zulfa akacheka. "Hapana, Mama. Pale friji linapumulia."

Na mimi nikacheka. Friji lipumue! Nikajua ananitania. Juzi yake tu aliniambia tanki lao la maji lina kiu.

Kabla ya kupanda bodaboda alivua sweta lake akanivika. "Kaa nalo, Mama. Mimi koti hili linanitosha."

Koti lenyewe lilikuwa jepesi kama karatasi. Niliona. Sikusema.

Aidan alikuwa hoi kwa safari. Akajilaza na mtoto, akafunga mlango kwa komeo la ndani, upepo usiufungue.

Nami nikawaza... mjukuu wangu akohoe hivi mpaka mama yake arudi, na mimi godoro bovu ninalo stoo?

Nikakata sponji. Nikaizungushia vipande vya kanga yangu ya zamani. Nikasokomeza kwenye matundu yale, juu na chini, nikishindilia kwa mwiko. Hata sindano isingepita!

Nikajisifu. Zulfa akirudi atakuta kazi imeisha.

Saa tisa alasiri nikiwa jikoni, nikamsikia amerudi. Anagonga mlango wa gari. Anaita, "Baba Noela!" Anagonga kwa ngumi. Halafu anapekua vyuma, anatafuta nyundo. Nikatoka mbio.

Sasa turudi pale nilipomng'ang'ania.

"Mama, nani kaziba hapa?"

Alikuwa anaonyesha kanga yangu.

"Mimi... nimewazibia upepo."

Uso ulimpauka. Hakunitukana. Sauti yake ilishuka tu.

"Mama, lile friji la gesi. Nyuma yake kuna moto unawaka. Moshi wake umekosa pa kutokea, umewarudia ndani. Niachie mkono. Tafadhali, Mama."

Nikaachia.

Aliingia dirishani, vioo vikimchana. Nikasikia komeo. Mlango ukafunguka, akatoka na Noela begani, mtoto ananing'inia kama nguo mbichi.

"Mama, ng'oa sponji! Funga mtungi, uko nyuma! Shangazi Aurelia, acha yowe, njoo tumvute Aidan!"

Nikang'oa kwa kucha. Nikafunga gesi. Nikarudi nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Noela... Noela wa bibi..."

Kimya.

"Noela! Mama Maria, usinifanyie hivi!"

Nilidhani nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu akakohoa.

Kikohozi kilekile nilichokuwa nakichukia tangu asubuhi! Siku hiyo nilikisikia kama kengele ya kanisa.

Hospitali waliwawekea oksijeni. Aidan alitapika, akafumbua macho, akamtafuta mwanawe. Daktari akatutazama sote, mimi, Zulfa mwenye bandeji mikono yote miwili, na Aurelia.

"Nani aliziba hayo matundu mliyoniambia?"

Nikafungua mdomo. Zulfa akaniwahi.

"Ni mimi, daktari," akasema Zulfa. "Niliziba asubuhi, nikasahau."

Jamani!

"Si nilisema mimi?" Aurelia akadakia. "Si nilisema?"

Nikamvuta Zulfa pembeni. "Kwa nini unajibebesha?"

Akaninong'oneza, "Mama, mimi wameshazoea kunisema. Wewe hawajawahi."

Hapo machozi yakanitoka. Nikarudi mbele ya daktari, mbele ya mwanangu, mbele ya Aurelia.

"Huyu anadanganya. Ni mimi, kwa kanga yangu. Aliniambia pasizibwe, nikacheka. Na alipokuja kuwaokoa, nilimshika mkono."

Aurelia akaangalia viatu vyake.

Kesho yake walitoka salama. Vidonda vyake viliporuhusu, Zulfa alilichomoa friji, akaziba ule upenyo kwa ndani, kuzunguka kote, silikoni na foili. Mimi nilimshikia mkanda. Kisha akaliwasha, akanipeleka nje, akaweka kiganja changu kwenye kile kidirisha cha juu.

Hewa ya uvuguvugu ikanigusa.

"Unasikia, Mama? Linapumua."

Sikucheka.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, upepo na hewa nilidhani ni kitu kimoja. Penye moto, kabla hujaziba tundu lolote, uliza kwanza linafanya kazi gani.

Na kabla hujampigia yowe mkwe wa mtu, angalia kanga iliyoko kwenye tundu ni ya nani.