Kifurushi cha Siku ya Sabato

Nyaboke hakuwa mtu wa kukaa kitako. Sokoni Rodi Kopany, alikouza ndizi na mboga za managu, wenzake walisema kiti chake hakijawahi kupata joto. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo, mguu wake ulianza kucheza chini ya benchi.

Lakini kulikuwa na saa moja katika juma ambayo hata yeye alitulia. Ilikuwa Jumamosi jioni, Sabato ikishafungwa. Nyaboke na familia yake ni Wasabato. Tangu jua lizame Ijumaa mpaka lizame tena Jumamosi, hawanunui, hawauzi, na televisheni hufunikwa kitambaa. Jua likizama Jumamosi huimba wimbo na kusali. Kisha Mosoti, mume wa Nyaboke, huondoa kile kitambaa, na wote hukaa kutazama igizo la *Boma la Salome*.

Mosoti alifanya kazi ya kununua omena, dagaa wa ziwani, kule Sindo. Alirudi nyumbani Ijumaa mchana, akaondoka Jumapili. Kwa hiyo binti yao Lynnet, aliyekuwa kidato cha pili, alimwona baba yake kwa muda mfupi tu. Na muda huo wenyewe haukuwa na maneno mengi.

"Shule?" Mosoti angeuliza.

"Iko sawa."

"Masomo?"

"Iko sawa."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Ila mbele ya *Boma la Salome* wote wawili walipata midomo.

"Huyu Salome ni mchoyo," Mosoti angesema.

"Si mchoyo, baba. Amechoka. Hata wewe ukichoka unanuna."

Katikati ya ubishi huo, mambo ya Lynnet yalitoka yenyewe. Hapo ndipo wazazi walipojua kwamba amekosana na rafiki yake Terry. Hapo ndipo walipojua kwamba anataka kuwa mwanasheria. Nyaboke alikunja miguu kitini, akasikiliza, wala hakuingilia.

Mwaka huu alama za Lynnet zilianguka. Zilianguka kama embe bovu, hesabu kwanza, halafu sayansi, halafu yote. Mwalimu aliuliza, mama akauliza, hata mchungaji akauliza. Lynnet alisema yuko sawa.

Jumamosi moja, katika *Boma la Salome*, msichana mmoja jina lake Tabu alifeli mtihani. Salome alimpigia kelele. Lynnet alikuwa amekaa chini, karibu sana na televisheni, kama kawaida yake. Akasema polepole, "Mimi najua kwa nini Tabu anafeli."

Mguu wa Nyaboke ulisimama. "Kwa nini?"

Lynnet alifungua mdomo, kisha wimbo wa mwisho wa kipindi ukaanza. Alicheka kidogo. "Ngojeni wiki ijayo. Mtaona kama nimedanganya."

Wiki ijayo ilifika. *Boma la Salome* halikufika.

Waliondoa kitambaa wakakuta wanaume wawili wenye suti wakizungumza juu ya bei ya mahindi. Mosoti alitoka nje kuzungusha mlingoti wa aerial.

"Imekuja?" alipaza sauti.

"Bado!" Nyaboke akajibu.

"Na sasa?"

"Sasa hata wale wanaume wamepotea!"

Lynnet ndiye aliyesogeza uso mpaka kwenye kioo, akasoma maneno yaliyokuwa yakipita chini. "*Boma la Salome* sasa linapatikana kwenye apu yetu pekee. Lipia, utazame."

"Kulipia nini?" Mosoti aliuliza, ametokea mlangoni na kutu mikononi. "Stesheni si ni ya bure?"

Lynnet aliinuka.

"Ulikuwa utuambie kuhusu Tabu," Nyaboke alisema.

"Hakuna kitu, mama." Akaenda chumbani kwake.

Tangu jioni hiyo Nyaboke hakutulia hata kidogo. Alirudisha chenji mara mbili kwa mtu mmoja. Alipanga ndizi, akazipangua, akazipanga tena. Mtoto wake alikuwa na neno moyoni, na neno hilo lilikuwa limefika mpaka kwenye ulimi. Ni mvulana? Ni ugonjwa? Kuna mtu anamsumbua njiani? Aliogopa, na hofu yake haikuwa na jina.

"Nitailipia hiyo apu," aliamua.

Ijumaa alilipia kwa simu kifurushi cha siku moja. Jua lilikuwa karibu kuzama, na alifanya haraka kwa sababu Sabato ikiingia asingeweza kununua kitu. Aliiweka simu kabatini, akajiona mwerevu.

Jumamosi jioni wimbo wa kufunga Sabato uliimbwa mbio.

"Mama Lynnet, mbona unaimba kama unafukuzwa?" Mosoti aliuliza.

Walisali, wakaketi. Nyaboke alifungua apu. Maneno yakatokea: *Kifurushi chako kimekwisha. Lipia tena.*

"Kimekwishaje na sijatazama?"

"Kabati limekutazamia," Mosoti alisema.

Lynnet alitaka kucheka, lakini alimwona mama yake alivyo, akainuka na kwenda zake. Nyaboke alibaki ameshika simu, akasema kwa hasira, "Wezi hawa!" Hakujua kwamba mwizi wa kweli alikuwa bado njiani.

Alikuja Jumanne, ndani ya ujumbe. *Stesheni zote, vipindi vyote, bure maisha yako yote. Bonyeza hapa.* Waswahili husema rahisi ghali. Nyaboke aliujua msemo huo na aliwahi kumwambia Lynnet. Akabonyeza.

Ukurasa ulimwomba nambari yake ya simu, akaiandika. Papo hapo ukaingia ujumbe mwingine wenye nambari sita, na chini yake onyo: *Usimpe mtu yeyote nambari hizi.* Ule ukurasa ukasema: *Andika hapa zile nambari sita ili tukufungulie.*

Nyaboke aliliona onyo. Lakini siku hizo mkono wake ulikuwa na haraka kuliko jicho. Aliziandika, akangoja. *Boma la Salome* halikufunguka. Kilichofanyika ni kwamba WhatsApp yake ilifungwa.

Kabla hajamaliza kushangaa, alimwona Roseline akija mbio, leso imeanguka begani. Roseline aliuza samaki wa kukaanga kibanda cha pili kutoka kwake, na ndiye jirani aliyemkaribisha alipohamia Rodi mara ya kwanza. Alizoea kumwita kwa Kijaluo, Min Lynnet, yaani Mama Lynnet.

"Yawa, Min Lynnet! Kumbe uko hapa? Kumbe uko mzima?"

"Kwa nini nisiwe mzima?"

"Si umeandika kwa grupu ya soko umelazwa! Unasema tukutumie pesa haraka, daktari anangoja. Na nimesikia akina mama wa kanisa lako wameanza kuchanga!"

Nyaboke aliketi. Kwa mara ya kwanza kile kiti kilipata joto. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Watu waliomheshimu walikuwa wakidanganywa kwa jina lake, na ni yeye aliyempa mwizi ufunguo.

Roseline alimtazama, akaanza kupiga simu kwa mmoja baada ya mwingine. "Msitume kitu! Si yeye! Yuko hapa, anauza ndizi!" Alipomaliza alimshika mkono. "Funga kibanda. Twende Rangwe kwa Trizah."

Trizah alikuwa binti wa kaka yake Roseline. Alifundisha watu kutumia simu na kompyuta katika kituo cha vijana. Aliwakaribisha, akasikiliza yote bila kumkatiza Nyaboke, na hakucheka.

"Tumtoe mwizi kwanza," alisema. "Andikisha WhatsApp yako upya, hapa, kwa nambari yako. Utaletewa nambari sita mpya. Hizo ni zako peke yako. Usimwonyeshe mtu, hata mimi."

Nyaboke aliziandika huku ameificha simu kifuani. WhatsApp ilifunguka.

"Ameshatoka," Trizah alisema. "Sasa weka nambari ya siri juu yake, ili asirudi tena. Na uwaandikie watu wote wajue ukweli."

Nyaboke aliandika. Mama mmoja wa kanisa akajibu, *Bwana asifiwe, tulikuwa tumeshachemsha uji wa kukuletea.* Roseline alicheka mpaka akatoa machozi, na Nyaboke naye akacheka.

"Lakini mama, mbona ulitafuta cha bure?" Trizah aliuliza.

"Kwa sababu cha kulipia kiliniibia! Nililipia siku nzima, sikuona hata uso wa Salome."

"Ulilipia lini?"

"Ijumaa, jua likikaribia kuzama."

"Na ulitaka kutazama lini?"

"Jumamosi, jua likishazama."

Trizah alimwacha afikirie mwenyewe. Nyaboke alishika kichwa. "Kwani siku yao huanza nikilipa?"

"Dakika ile ile. Kabla ya kulipa, soma hapa: kinaanza lini, kinaisha lini. Ile siku yako yote iliishia ndani ya Sabato."

"Lakini kwa nini stesheni imetufanyia hivi? Tulikuwa tunatazama vizuri."

"Zamani matangazo ya sabuni ndiyo yaliyowalipa. Siku hizi watu wengi wanatazama kwenye simu, kwa hiyo kila stesheni inajijengea nyumba yake huko na kuweka mlango. Si wizi. Lakini si lazima uingie kila mlango, mama. Chagua kile mnachokipenda, na kikiisha, toka."

"Na nikisahau kutoka?"

"Hapo ndipo wengi huumia. Tazama alama hii. Safari ile simu yako haikuwa na pesa tu. Lakini ukiiacha hivi, kifurushi kikiisha inakununulia kingine yenyewe."

Nyaboke aliruka. "Yenyewe? Hata Sabato?"

"Hata Sabato. Simu haina dini."

"Izime! Izime sasa hivi!"

"Uzime wewe," Trizah alisema, akampa simu. Nyaboke alizima, akahakikisha, akahakikisha tena. "Jambo la mwisho. Kifurushi ni ruhusa ya kuingia mlangoni. Data ni nauli ya kukufikisha. Ni vitu viwili. Ukichagua picha isiyo kali sana, nauli itapungua."

"Sasa Min Lynnet akilipa," Roseline alisema, "si atupatie sisi wote hiyo nambari ya kuingilia, soko yote itazame?"

"Wayo!" Trizah alimwita kwa heshima ya shangazi, lakini kwa macho makali. "Hiyo ni ya nyumba yake. Nambari ya siri haizungushwi sokoni kama mizani."

"Nauliza tu, yawa."

Jumamosi ilifika. Jua lilizama, na wimbo uliimbwa polepole mpaka ubeti wa mwisho. Walisali. Baada ya amina, Nyaboke alichukua simu, akasoma kwa sauti, "Kinaanza sasa. Kinaisha kesho jioni." Akalipa. Akatazama ile alama. Ilikuwa imezimwa.

Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari. Kioo kilikuwa kidogo, kwa hiyo wote watatu walibanana kwenye benchi moja, Lynnet katikati.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mosoti alisema, shingo ameikunja.

*Boma la Salome* likaanza pale pale walipoliacha. Mguu wa Nyaboke ulikuwa ukicheza. Salome alimfuata Tabu kisirisiri, akamkuta analea mtoto mchanga wa dada yake usiku kucha, ndiyo maana alisinzia darasani.

Lynnet alikuwa ameinama mpaka pua ikakaribia kugusa simu. Akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe yeye si macho."

"Macho gani?" Mosoti aliuliza.

Salome alikuwa ameanza kulia, na Lynnet akajifanya anatazama. Kwenye televisheni neno hilo lingepita, kwa sababu televisheni haikuwahi kumngoja mtu.

"Isimamishe," Mosoti alisema.

"Baba, hapa ndipo patamu."

"Isimamishe. Salome atatungoja. Tumemlipia."

Lynnet alibonyeza. Tabu akabaki mdomo wazi.

"Ubaoni sioni," Lynnet alisema mwishowe. "Tangu muhula wa kwanza. Walitupanga upya nikapelekwa nyuma, na kule naona weupe tu. Nilidhani Tabu pia ni hivyo."

"Kwa nini hukusema, mama yangu?" Nyaboke aliuliza.

"Nyanya alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kutoona mbali, halafu akawa kipofu. Niliona nikisema, itakuwa kweli."

Mosoti alimshika binti yake kichwa, akakilaza begani kwake. Hakusema iko sawa. Alisema, "Kesho siendi Sindo." Walizungumza mpaka chai ikapoa, na Tabu wa watu akangoja muda wote huo.

Jumatatu walikwenda hospitali ya Homa Bay, kwenye kitengo cha macho. Mhudumu alimpima Lynnet kwa makini. Ugonjwa wa nyanya yake haukuwapo. Alikuwa haoni mbali tu, kama watoto wengi, na dawa yake ilikuwa miwani.

Jumamosi iliyofuata Nyaboke alilipia jua lilipokwisha kuzama. Simu iliegemezwa pale pale. Lynnet, miwani puani, alivuta kigoda akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Unaona kutoka huko?" Mosoti aliuliza.

"Naona mpaka maandishi ya kopo la sukari."

"Basi njoo hapa."

"Nije kwa nini, baba, na naona?"

"Sisi ndio hatukuoni," Mosoti alisema.

Lynnet alicheka. Akaja, akajibana katikati yao, na mguu wa Nyaboke ukatulia.