Pointi Sita Tulizojifunga

Kila alasiri mjukuu wangu huvua sare ya shule, huosha vyombo, kisha hudunda mpira uani mpaka kuku wa jirani wanatafuta pa kujificha. Jina lake la nyumbani ni Chiriku. Nilimpa mimi, maana tangu ajifunze kusema hajapumzika.

Wiki moja mpira ulinyamaza. Chiriku alikaa mezani na daftari. Timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya mji wetu ilikuwa imeingia ligi ya kulipwa, na Jumamosi ukumbi wake mpya ungefunguliwa. Mwanafunzi ambaye angeandika vizuri kuliko wote jinsi timu ilivyoanza angeingia uwanjani na wachezaji, akiubeba mpira wa kwanza. Maneno yake yangeandikwa ukutani.

"Bibi, wewe ulikuwepo. Nisimulie!"

Nikamsimulia. Tulikuwa wafungaji wa sabuni kiwandani, wasichana kumi. Uwanja ulikuwa wa wanaume. Sisi tulipigilia pete ya pipa kwenye ukuta wa ghala, tukacheza saa ya chakula, na sketi zetu tumezibana kwa pini. Pete ilikuwa moja tu, kwa hiyo pande zote mbili zilifunga hapohapo.

"Na mechi ya kwanza?"

"Ah! Uwanja wa kweli, pete mbili! Kumbe baada ya mapumziko timu hubadilishana pande. Nani alitwambia? Kipindi cha pili nikaendelea kutupia palepale. Nikafunga mara tatu, pointi sita, mikono juu nikishangilia. Wapinzani walinipigia makofi kuliko wenzangu."

"Mkafungwa?"

"Thelathini kwa nane. Katika hizo thelathini, sita ni zangu."

Nilicheka hadi machozi. Chiriku hakucheka. Aliandika huku amefunika daftari kwa mkono.

Alhamisi alirudi mbio akipiga kelele tangu njiani. Ameshinda! Kesho yake tukaenda ukumbini kuona ukuta. Fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Shule niliishia ya msingi, lakini herufi kubwa hazinishindi. Nikasoma polepole: "Katika mechi ya kwanza, wasichana wa kiwanda walishinda thelathini kwa..."

"Fundi," nikauliza, "na huyo bibi aliyefunga sana, umemwandika mrembo pia?"

"Bado sijafika hapo, mama," akasema.

Nikamgeukia Chiriku. Kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bibi, watu wangekucheka," akanong'ona.

"Wamenicheka miaka mingi na bado nanenepa. Mimi sisemi kitu. Kalamu ilikuwa yako."

"Nikisema, watampa mwingine ule mpira."

"Huenda."

Alimtazama fundi akichovya brashi kwenye kopo. Kisha akapaza sauti: "Fundi, simama kwanza!" Akatimka kwenda kwa kocha, mama mrefu aliyekuwa akipanga viti. Nikamfuata kwa mwendo wangu.

"Shikamoo, kocha. Nimeandika uongo. Hawakushinda. Walijifunga wenyewe, pointi sita."

"Marahaba. Walijifunga? Nani?"

Chiriku akaniangalia. Nikainua mkono kama mtoto darasani.

Kocha alicheka mpaka akakalia kiti alichokuwa akikipanga. Alipopata pumzi akauliza, "Na baada ya kufungwa hivyo mlifanya nini, mama?"

"Jumatatu saa ya chakula tukarudi kwenye pete yetu. Baadaye tukapigilia ya pili, upande wa pili wa ua, tujifunze kugeuka. Binti zetu wakapata viatu na mwamuzi. Hawa wako wanapata mshahara."

"Umesikia, mwanangu?" kocha akamwambia Chiriku. "Kesho mchezaji wangu mmoja atakosea mbele ya watu wote. Ukuta wa washindi watupu hautamfaa kitu. Aibu yao ukiificha, utaificha na Jumatatu yao, na timu hii ilizaliwa Jumatatu hiyo. Umekosa, ndiyo, lakini umesema mwenyewe kabla rangi haijakauka. Haya, kaa uandike ilivyokuwa. Mpira bado ni wako."

Fundi alifuta kwa kitambaa akinung'unika, kisha akauliza kama sita inaandikwa kwa tarakimu au kwa maneno.

"Kwa maneno," nikamwambia. "Makubwa."

Jumamosi watu waliusoma ukuta, wakacheka, kisha wakapiga makofi kwa nguvu. Chiriku akaingia uwanjani na mpira kifuani, kidevu juu. Alipofika katikati, kocha akamwinamia.

"Unajua tunashambulia upande gani?"

"Ule, kocha," Chiriku akajibu kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma, "na baada ya mapumziko, huu!"