Kitanda cha Chini, Chumba Namba Tisa

Enyi wazazi, na ninyi vijana ambao wazazi wenu wangali hai, haya ninayowasimulia leo yaliipata nyumba moja ya Kariakoo, Mtaa wa Likoma. Nyumba za namna ile mnazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani bomba la maji na jiko. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zeina, Mwarabu aliyezaliwa papo hapo mtaani, mwenye duka dogo la kanga barazani. Chumba cha mwisho, mkono wa kushoto, alikaa Selina, mama wa Kimwera kutoka Lindi, mjane wa kuli wa bandarini. Watu walimwita Mama Kasmir, kwa jina la mtoto wake wa pekee.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1975, Selina alikuwa ametoka misa, amekaa mkekani ukumbini anapepeta mchele. Upepo ulipita vizuri kutoka uani hadi barazani. Kasmir akaingia, shati limepigwa pasi, akamwamkia mama yake, kisha akakunjua karatasi kubwa pale mkekani.

"Mama, meli ndiyo hii. Ukiipasua katikati, ndani imekaa hivi."

Kasmir alikuwa karani katika ofisi moja ya tiketi za meli, karibu na Posta. Kazi yake ilikuwa kupanga abiria wa Kilwa, Lindi na Mtwara, nani alale chumba gani. Ofisi ilikuwa imempa chumba Upanga, kwa hiyo kwa mama yake alikuja Jumapili tu.

"Hivi viboksi ndiyo vyumba?" Selina aliuliza.

"Ndivyo. Hivi vya nyuma vina kelele za mashine na joto. Vya mbele, meli ikipanda wimbi utarushwa. Pazuri ni hapa katikati. Kila chumba kina vitanda viwili, kimoja juu ya kingine."

"Cha juu mimi sikiwezi, na goti hili."

"Basi namba tisa, kitanda cha chini. Msalani ni hatua nne. Na dirisha linatazama nchi kavu, utaona pwani yote mpaka Lindi."

Selina aliweka kidole juu ya kile kiboksi, akakiacha hapo muda mrefu kidogo. "Niandike hapo, mwanangu."

Kasmir akatoa penseli sikioni, akaandika: Mama.

Mnauliza safari ilikuwa ya nini? Dada yake Selina, Scholastika, alikuwa amemletea barua iliyoandikwa na katekista wa kijijini. Scholastika ndiye aliyemlea Selina mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana wa miaka kumi. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na mmoja. Barua ilisema: "Mdogo wangu, macho yangu yameingia ukungu. Jicho moja limekwisha kufunga. Njoo nikuone kabla hili jingine nalo halijafunga."

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara ya kusini, magari hayapiti Rufiji. Ilibaki meli. Na melini, watu wa kawaida walilala dekini, kwenye mikeka, chini ya turubai. Selina alikuwa na pumu. Daktari alimkataza kabisa kulala kwenye baridi na mvua. Ndiyo maana alihitaji chumba.

Meli iliondoka kila baada ya wiki mbili. Selina alipanga foleni ya sukari na sabuni siku nne, akafunga mzigo wake vizuri, akaaga kanisani. Siku moja kabla ya safari, Kasmir akaja jioni, hakuketi.

"Mama, nisamehe. Mke wa mkubwa wetu wa ofisi amepata safari ya ghafla. Nimempa namba tisa."

"Na mimi?"

"Vingine vimejaa. Wewe utakwenda safari ijayo. Mama, yule mkubwa ndiye anayependekeza watu wa kupandishwa cheo. Nafasi ya msimamizi iko wazi. Nikiipata, si ni faida yako pia?"

"Sawa, baba," alisema Selina. Alifungua mzigo, akarudisha vyombo mahali pake.

Safari ya pili ilipofika, nafasi yake ikachukuliwa na rafiki wa yule mkubwa, aliyekwenda Mtwara kwenye harusi. Safari hiyo Kasmir hakuja mwenyewe. Alimpigia simu Bi Zeina dukani.

"Mama Kasmir, mwambie mwanao akuandikie kwa wino," alisema Bi Zeina kwa hasira. "Kila siku penseli, penseli inafutika!"

"Ana kazi ngumu, Bi Zeina. Wakubwa wanamkalia."

"Na wewe je? Nani anakukalia wewe?"

Selina alikwenda chumbani, akaichukua barua ya dada yake. Hakujua kusoma, lakini alijua mahali lilipo neno "macho," maana katekista wa hapa mjini alimwonyesha. Aliliangalia. Chumba kilikuwa kimya, na upande wa pili wa ukuta aliwasikia wapangaji wakicheka na watoto wao. Alitamani mtu aingie amwulize lolote, hata bei ya ndizi. Hakuingia mtu.

Safari ya tatu Kasmir aliapa. Alimpeleka mama yake bandarini mwenyewe, akampandisha ngazi, akamwingiza namba tisa. Ndugu zangu, kilikuwa kweli kama alivyosema. Shuka jeupe, beseni la kunawia, na dirisha la duara. Selina aliketi kitandani, akavua ndara, akapapasa godoro kwa kiganja. Kasmir akashuka kushughulikia abiria wengine.

Haikupita nusu saa, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kasmir, na nyuma yake mwanamume mnene aliyevaa suti ya Kaunda, amebeba mkoba wa ngozi.

"Ni hiki hapa, Ndugu Mkurugenzi," Kasmir alisema. Hakumtazama mama yake usoni. "Kuna mama mmoja humu aliwekwa kwa makosa. Anatoka sasa hivi."

Selina alimtazama mwanawe.

"Pole, mama," alisema yule mgeni kwa upole. Hakujua lolote. "Kwani ulikuwa unakwenda wapi?"

Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na yule bwana huenda angegeuka akarudi alikotoka. Lakini Selina aliona kwamba akisema, mwanawe ataaibika mbele ya mkubwa. Akavaa ndara zake.

"Si mbali, baba," alisema. "Wewe pumzika."

Alishuka ngazi polepole, mguu mmoja halafu mwingine, akishika kamba kwa sababu ya goti. Alitoka langoni, mzigo kichwani, akapita Posta, akapita Mnazi Mmoja, akaingia Kariakoo saa ya jua kali, watu wakipishana naye wakidhani ametoka sokoni. Mara mbili alisimama kutafuta pumzi. Nyuma yake honi ya meli ililia, akaendelea kutembea.

Bi Zeina alipomwona mlangoni alisimama ghafla, kanga zikamwanguka mkononi. "Shoga, imekuwaje tena?"

"Nilikosea siku," Selina alisema, akapita.

Baada ya siku ile Kasmir hakuonekana Jumapili nne mfululizo. Aibu ilimzuia, na kila alivyochelewa ndivyo aibu ilivyoongezeka. Mama yake alimwekea chakula kila Jumapili, akifunika kwa sahani. Jioni alikula kidogo, kilichobaki akawapa watoto wa uani. Siku nyingine kutoka asubuhi mpaka jioni hakusema na mtu yeyote isipokuwa kuitikia salamu. Msomaji, upweke wa mtu asiye na mtoto ni mzito, lakini wa mtu mwenye mtoto mji huo huo, naye anajua mtoto huyo anapokaa na anapopita, una uchungu wake peke yake.

Wiki ya tano barua ikaja. Bi Zeina ndiye aliyeisoma, kwa sababu Selina hakuweza kungoja mpaka kanisani. Ilikuwa fupi. "Dada yako anakusalimu. Haoni tena. Alikesha akiomba uje na meli ya mwezi uliopita. Sasa anasema, njoo tu."

Selina aliomba maji, akanywa, akasimama.

"Bi Zeina, kodi yangu imeishia mwezi huu. Chumba mpe mtu mwingine."

"Mama Kasmir, subiri! Na pumu hiyo? Tumwite mwanao…"

"Mwanangu anapanga watu wengi. Mimi nitajipanga mwenyewe."

Kesho yake alikwenda kwenye dirisha la tiketi kama abiria yeyote, akasimama kwenye foleni. Karani alikuwa mwingine, binti asiyemfahamu.

"Daraja gani, mama?"

"Lile la mwisho kabisa. Lile ambalo hakuna anayelitaka."

Bi Zeina alimsindikiza mpaka lango la bandari, akamvisha sweta la marehemu mumewe. Usiku ule mvua ilinyesha baharini. Turubai lilivuja, Selina akakohoa mpaka alfajiri, na mwashi mmoja wa Lindi aitwaye Bakili, aliyelala mkeka wa jirani, akasogeza wanawe wawili ili mama yule aingie mahali pakavu. Hakumwuliza ni nani wala ametoka wapi. Alisema tu, "Sogea hapa, mama, huku kuna joto."

Alipofika kijijini, Scholastika alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza njiani kwa mazoea. Selina alipiga magoti mbele yake. Dada akanyoosha mikono, akaanza kumpapasa: paji, mashavu, kidevu.

"Ni nani?"

"Ni mimi, dada. Selina."

Vidole vilisita kwenye mikunjo ya mashavu. "Mdogo wangu hakuwa hivi," Scholastika alisema, machozi yakimtoka katika macho yasiyoona. "Mdogo wangu ninayemkumbuka ana uso laini. Ungewahi kidogo tu, ningekujua ulivyo sasa."

Selina hakusema ni nani aliyemchelewesha. Hadi leo hajasema.

Kasmir aliposhika moyo na kwenda Mtaa wa Likoma, alikuta mlangoni kwa mama yake pazia la watu wengine. Bi Zeina alimweleza yote bila kumficha, tena mbele ya wateja. Cheo cha msimamizi alipewa mtu kutoka ofisi nyingine, na yule mkubwa akahamishwa Tanga bila hata kumuaga. Kijana alibaki Upanga peke yake. Kila Jumapili alipita barabara zilezile za Kariakoo kwa miguu, akirudi bila kuingia nyumba yoyote, kwa sababu hakuwa tena na nyumba ya kuingia.

Mwezi wa kumi na mbili aliomba likizo akaenda Lindi. Mama yake alimpokea vizuri. Alimchinjia kuku, akamtandikia shuka jipya, akamwekea maji ya kuoga na kipande cha sabuni ambacho hakijatumika. Alimwuliza habari za safari na za kazi. Kasmir alisubiri agombezwe, kama alipokuwa mdogo. Hakugombezwa. Alihudumiwa kama anavyohudumiwa mgeni anayeheshimiwa, na hilo ndilo lililomvunja.

"Mama, nimekosa," alisema siku ya tatu, akilia. "Rudi mjini. Safari hii nitakaa na wewe chumba kimoja."

Selina alimfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Nilikwisha kukusamehe siku ile ile, kabla sijafika Mnazi Mmoja. Lakini sirudi. Hapa nikichelewa kisimani kuna mtu anaulizia, 'Selina bado?' Kule nilikaa wiki tano peke yangu, hakuniulizia mtu."

Kutoka ndani sauti ya Scholastika ikaita, "Selina! Bado upo hapo?"

"Nipo, dada," alijibu, akainuka, akamwacha mwanawe mkekani.

FUNZO

Ndugu wasomaji, Kasmir hakuwa mlevi wala mwizi. Alimpenda mama yake. Kosa lake ni kwamba alidhani mzazi anaweza kungoja kwa sababu mzazi halalamiki, na wakubwa hawawezi kungoja kwa sababu wanalalamika. Akawa anatoa haki ya mtu wake ili ajipendekeze kwa watu ambao kesho yake hawakumkumbuka hata jina. Tunajenga nchi ya usawa, tunaitana ndugu. Basi na tuanze nyumbani. Ukimwandikia mzazi wako nafasi, usiifute. Ukiona aibu kwa ulilomtendea, nenda siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili ya tano. Msamaha Kasmir aliupata. Lakini mama aliyekuwa akimfunikia chakula kwa sahani na kumngoja, huyo hakumpata tena. Na Scholastika hakumwona mdogo wake.